Jinsi nilivyozuia sabuni ya maji kuvuja njiani, Nakuru hadi Kisumu
Katoni zilikuwa zikifika zimelowa, lebo zimebanduka, na mteja wangu wa soko la Kibuye, Kisumu, ananitumia picha akiuliza nani atalipa. Kukaza vifuniko zaidi hakukusaidia. Selotepu iliachia. Kuandika "JUU" kwa kalamu nene ndiyo kabisa. Kwenye buti la basi mzigo hulala utakavyo.

Jibu lilikuwa barabarani. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, na gari hupanda zaidi hadi Mau Summit ndipo lishuke Kericho na Ahero. Kule juu shinikizo la hewa ya nje hupungua, hivyo hewa iliyobaki shingoni mwa chupa hutanuka, na chupa ikiwa imelala, kinachosukumwa nje ni sabuni.

Sasa nikishajaza, nafuta mdomo wa chupa ukauke kabisa, maana utelezi hufanya kifuniko kilegee. Kisha nabonyeza mbavu za chupa ziingie ndani kidogo, na nafunga kabla sijaachilia. Hapo ndipo penyewe: hewa ikitanuka, inapata nafasi.

Kisumu iko chini, takriban mita 1,130, hivyo chupa hufika zimebonyea zaidi. Mteja namwandikia mapema kwamba ujazo ni uleule, asidhani amepunjwa.