Ayubu Aliyasema Mwenyewe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimetoka msibani na hasira, na nimeomba lakini haijaisha. Tumemzika mtoto mdogo. Watu wetu wa kanisani walipokezana mbele ya mama yake: kazi ya Mungu haina makosa, Mungu alimpenda zaidi, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Mmoja akadiriki kusema nyumba ile ilikuwa imelegea kwenye maombi. Mama hakujibu kitu. Usiku nikabaki na kilio cha Habakuki: “Ee Bwana, nilie hata lini, wewe usitake kusikia?”

Majibu ya waalimu wetu nayafahamu. Mungu alimpa mwanadamu hiari, na mwanadamu akaitumia vibaya. Viumbe vyote vinaugua hata sasa, Warumi 8. Nayaamini. Ila aliyetoka makaburini leo hayamfai kwa leo.

Nikarudi kwa Ayubu. Lile neno “Bwana alitoa, na Bwana ametwaa” tunalipenda sana, lakini nani alilisema? Mfiwa mwenyewe, aliyepoteza watoto 10 kwa siku moja. Hakuna mgeni aliyemwekea mdomoni. Na mtu huyohuyo, sura ya 3, analaani siku aliyozaliwa, kisha anataka kusimama na Mungu uso kwa uso wahojiane. Rafiki zake walikaa naye chini siku 7 bila neno, na hapo walifanya vema kabisa. Walipofungua vinywa wakaanza kumtafutia dhambi, wakidhani wanamtetea Mungu. Mungu akawakasirikia: hamkunena yaliyo sawa kama mtumishi wangu Ayubu. Wakatumwa kwa mfiwa wakaombewe na yeye!

Ndugu zangu, tuache. Nasema na wazee wa kanisa, na sisi tunaoshika kipaza sauti msibani. Yesu aliambiwa habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye akawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Je, walikuwa wakosaji kuliko wengine? Akasema sivyo, akawageuzia wasikilizaji: tubuni ninyi. Sasa sisi tumepata wapi ruhusa ya kupekua dhambi za marehemu?

Tena iko misiba ambayo tukiiita kazi ya Mungu tunamsingizia. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 220. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Hapo haki inadai tuulize nani aliruhusu kijazwe hivyo. Manabii wasingenyamaza, na Amosi nadhani angepiga kelele.

Martha na Mariamu, kila mmoja kwa wakati wake, walimwambia Bwana maneno yaleyale: kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa. Ni lawama ile, tusiipambe. Hakumkemea hata mmoja. Alijua dakika chache zijazo Lazaro atatoka kaburini, na bado akalia. Basi usimharakishe mwenzako kufika kwenye ufufuo kabla hajalia. Mwache aseme “mbona?” Bwana wetu alilisema msalabani kwa sauti kuu, na Baba hakumhesabia kuwa ni ukosefu wa imani. Huyo ndiye Mungu tunayemhubiri, aliyeingia mwenyewe kwenye maumivu yetu akauawa humo, na siku ya tatu akafufuka.

Kwa hiyo nenda msibani, kaa mkekani, osha vyombo. Rudi wiki ya tatu, turubai likishaondolewa na simu zimenyamaza, ukiwa na kilo za unga. Akitaka kumsema mtoto wake, msikilize hata kama ni mara ya kumi. Akikuuliza kwa nini, una ruhusa ya kusema hujui. Na akikuomba umsomee Neno, jaribu Zaburi 88, ambayo inaishia gizani na bado imo katika Biblia.