Makaburi ya Eyam

Leo nimefika Eyam, kijiji cha Derbyshire, Uingereza. Hadi sasa moyo haujatulia.

Kwa msiojua: mwaka 1665 tauni iliingia hapa, inasimuliwa kwamba ilikuja na vitambaa vya mshonaji kutoka London. Mchungaji William Mompesson akawaomba wanakijiji wajifungie humohumo, mtu asitoke, ili vijiji jirani vinusurike.

Wakakubali. Walikufa watu wapatao 260.

Nimekaa sana kwenye kaburi la mke wa Mompesson, Catherine, pale uani mwa kanisa. Watoto wao walipelekwa mbali, yeye akakataa kumwacha mumewe. Akafariki 25 Agosti 1666, akiwa na miaka 27 tu.

Ubavuni mwa kaburi wamechonga shisha, ile ya mchanga ya kupimia muda, na wameipa mabawa. Nimeitazama mpaka machozi yakanilenga. Huyu dada alikuwa na njia ya kuondoka, jamani!

Na nje ya kijiji, kule shambani, Elizabeth Hancock alizika mume na watoto sita ndani ya siku nane. Peke yake. Hapo sina neno.

Kuna pia kaburi la Harry Bagshaw, mcheza kriketi aliyekuja kuwa mwamuzi, aliyefariki 1927. Jiwe lake lina mpira ukiangusha vijiti, na juu kidole cha mwamuzi kimeinuliwa, ishara ya kumtoa mchezaji: umetoka! Waliomzika walimjua vizuri, naona.

Ninyi je, kuna kaburi lolote lililowahi kuwasimamisha hivi? Nisimulieni hapa chini, nitasoma yote.