Kugawa kwa mbili? Nilivyohesabu miaka ya mitiki yangu

Mnunuzi wa magogo alipofika Muheza kuangalia mitiki aliyotuachia baba, aliinama kwenye kisiki, akahesabu pete, yaani ile mistari ya duara ya ukuaji wa mti, kisha akagawa kwa mbili! "Kaka, Tanga mvua mara mbili, masika na vuli, kwa hiyo mwaka mmoja pete mbili. Miti yako bado michanga." Bei ikaporomoka palepale. Miti ilipandwa 1995, na miche nilibeba mimi.

Nikakata kisahani cha gogo, nikakipiga randa na msasa mpaka kikawa laini kabisa. Fundi mmoja akanishauri nipake oili chafu ili pete "zijitokeze". Wee! Mti uliinywa kama togwa, moyo na ganda vikawa weusi mmoja, pete huzioni hata kwa tochi. Kisahani kile sasa kiko mlangoni, watu wanakwangulia matope.

Dawa ilikuwa chaki ya shule. Mtiki hupukutisha majani kiangazi, na ukiamka na mvua huanza kwa vitundu vikubwa vilivyojipanga mstari; vinavyofuata ni vidogo. Sugua chaki, futa kwa kiganja: vile vikubwa vinabaki vyeupe pee, mstari mmoja kwa kila mwaka. Piga picha kwa simu, ikuze, hesabu umekaa.

Ila usihesabu upande mmoja tu. Kijua cha katikati ya mvua huweza kuchora mstari wa uongo. Ufuate kuzunguka kisahani: mara nyingi unafifia na kupotea, pete ya kweli inarudi ilikoanzia.

Nililinganisha visahani vya miti kadhaa. Vyote vina pete moja nyembamba kama uzi, ya ukame ule uliotuletea mgao wa umeme 2006. Nikaishika hiyo, nikahesabu kwenda ndani, ikagota 1995. El Niño ya 1997/98 siiapii, maana mti mchanga hunenepa tu, pete za karibu na kiini huwa pana hata kwa mvua ya kawaida. Na wembamba wa miaka ya karibuni msiusingizie mvua: shamba lilisongamana. Nilipopunguza miti, pete zikatanuka tena.

Gharama? Msasa na nauli, elfu kumi na kitu.

Mnunuzi alirudi, akafuata mistari ya chaki kwa kidole, akakohoa. Kugawa hakugawa tena. Bei ilipanda, ingawa usafiri alinikata mimi.