Kisigino, barafu na saa ya Kiswahili

Berlin, Jumanne, Septemba inayoyoma

Saa kumi na mbili asubuhi na nje giza bado limetanda. Miaka yote hii sijalizoea. Tanga, saa kumi na mbili ni mapambazuko, iwe Januari au Julai, unaipangia siku yako bila wasiwasi. Hapa, tangu Agosti, jua linachelewa karibu dakika mbili kila siku. Leo limechomoza saa moja kasoro dakika kumi hivi. Ukihesabu saa kwa Kiswahili Ulaya unajiona mwongo.

Hatua ya kwanza kutoka kitandani ndiyo mbaya. Kisigino cha kushoto kinachoma kama nimekanyaga kichwa cha msumari. Najishika ukutani, nachechemea hadi jikoni, na chai ikichemka maumivu yameshapoa. Hapo ndipo ninapodanganyika kila siku, navaa viatu natoka kukimbia.

Kosa ni langu. Majira ya joto yalinilevya, nikatoka kilomita 25 kwa wiki nikaruka hadi 45, kwa viatu ambavyo soli yake imelika upande mmoja kama sabuni ya kufulia.

Nilikwenda Tempelhof, uwanja wa ndege uliofungwa mwaka 2008 ukafanywa bustani. Kuuzunguka mzima ni kama kilomita 6. Kwenye njia ya ndege hakuna mti wala ukuta, na upepo wa leo ulikuwa usoni. Kwetu sasa hivi kusi linaishiwa nguvu. Huku ndio kwanza ubaridi unaanza kupenya masikioni.

Mzee mmoja tunayepishana mara nyingi alipunguza mwendo akauliza, "Kenya?" Marathoni ya hapa imekaribia, kwa hiyo kila mweusi mwenye kaptula ni bingwa. Nikamwambia Tanzania, kisha nikammwagia yote: Suleiman Nyambui alishinda hapa 1987 na 1988, Alfredo Shahanga akafuatia 1989, kabla Ukuta wa Berlin haujaanguka. Akabaki kutikisa kichwa. Mimi kilomita moja inanichukua dakika 6 na nusu, lakini sifa za taifa nilizibeba zote.

Mzunguko mmoja tu, nikaacha. Kigimbi kilikuwa kimekaza hadi nikahisi kinakivuta kisigino kwa kamba.

Daktari ameniagiza ninyooshe vigimbi asubuhi na jioni na nisugue unyayo juu ya chupa ya maji yaliyoganda. Vidonge vya vitamini D navyo vinarudi mezani: kuanzia Oktoba hadi Machi jua la huku halina nguvu ya kutosha, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi. Mtoto wa pwani nameza jua kwa glasi ya maji.

Jioni nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mguu vipi?"

"Daktari kasema niweke barafu."

"Barafu ya samaki hiyo! Chemsha maji, tia chumvi, ukande."

Nikamjibu haya mama, nitakanda. Nilipokata simu nikafungua friza kutafuta chupa yangu. Ilikuwa imelala chini kabisa, imegandana na pakiti ya nguru, na ikabidi nitumie kisu kuzitenganisha.