Diski ya Mjomba na Mteremko wa Mombo

Juzi usiku binti yangu alinishikia tochi nilipokuwa nikibadilisha pedi za breki ya mbele ya pikipiki, na aliponiona nimechukua venia, kile kipimo cha unene chenye meno mawili, na kuanza kuipima diski, aliuliza swali ambalo mtu yeyote mwenye macho angeliuliza: "Baba, si inang'aa? Imeharibika wapi?" Nilimweleza kwamba diski hung'aa kwa sababu inalika, kwamba kila pedi zinapoibana huondoka na chembe za chuma chake, na kwamba mng'ao hausemi lolote kuhusu unene uliobaki. Aliridhika, akaingia ndani kulala. Mimi nilibaki nikimfikiria Mjomba na siku ile ya Lushoto, ambayo nyumbani kwetu watu huipita bila kuitaja.

Habari ilitufikia asubuhi: Bibi amefariki Korogwe, na mazishi ni baada ya swala ya Alasiri. Hiace ya kwanza ilikuwa imeshashuka, na iliyofuata ilikuwa na abiria wanne tu, ikingoja kujaa. Mjomba alipiga hesabu akaona pikipiki ingetufikisha mapema kuliko kungoja. Pedi za mbele zilikuwa zimekwisha, lakini pedi mpya na diski mpya vilikuwa tayari ndani, bado vimo kwenye maboksi yake. Nilidhani tungefunga pedi peke yake, kazi isiyofika nusu saa, kisha tuondoke.

Mjomba alichutama mbele ya gurudumu, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya diski kutoka ndani kwenda nje, na ukucha ukakwama. Pembeni kabisa, mahali ambapo pedi hazifiki, palikuwa pamebaki ukingo wa chuma uliosimama juu ya sehemu iliyolika. Ukingo huo ndio unaowadanganya wengi, kwa kuwa meno ya venia hukaa juu yake yakasoma unene wa diski ilipokuwa mpya. Alitoa mfukoni sarafu mbili za shilingi mia, akazipima zikiwa zimebanana, kisha akaziweka moja kila upande wa diski, ndani ya ukingo ule, akapima vyote kwa pamoja na kuondoa unene wa sarafu. Ikabaki milimita 2.9. Karibu na tundu za bolti, juu ya diski yenyewe, yalikuwapo maandishi madogo yaliyogongwa kiwandani: MIN TH 3.5. Chini ya hapo haitakiwi kutumika tena.

"Mjomba, tufunge pedi tu," nilimwambia. "Diski tutaibadilisha tukirudi."

"Tunashuka Mombo," alijibu. "Wawili, na mzigo."

Walioipita barabara ile wanajua alichokuwa akikisema. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 hivi, na katika umbali huo unashuka karibu mita 1,000, kona baada ya kona, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili, hasa ukishaipita Soni. Unapofunga breki, uzito wote husukumwa mbele, na kwenye mteremko breki ya mbele ndiyo hubeba sehemu kubwa zaidi ya kazi. Breki haifanyi lolote ila kugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo huingia kwanza kwenye diski. Iliyo nyembamba ina chuma kidogo cha kulipokea, kwa hiyo hupata moto upesi, na moto hupita kwenye pedi na pistoni hadi kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 230, lakini hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka, na yakishanyonya vya kutosha kiwango chake cha kuchemka huweza kushuka hadi nyuzi 155. Yakichemka hutoa mvuke ndani ya bomba, na kwa kuwa mvuke hubonyea, mkono wa breki huja hadi kwenye usukani bila pikipiki kupunguza mwendo. Haya yote Mjomba alikuwa akiyajua kwa kuwa alikuwa amekwisha kuwafungia breki watu waliofika Mombo kwa kuparamia ukingo wa mlima.

Basi tuliipandisha pikipiki kwenye stendi ya kati, tukaegemeza kipande cha gogo chini ya injini, tukafungua kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi juu ya diski, na kuining'iniza kwa waya ili uzito wake usiangukie bomba la mafuta, tukachomoa ekseli na kulilaza gurudumu juu ya gunia. Aliniambia nisiuguse mkono wa breki kalipa ikiwa nje, kwani pistoni zingesukumwa zikatoka.

Diski ilishikwa na bolti tano za alenki, ile spana ya pembe sita inayozama ndani ya kichwa cha bolti. Kabla ya kuingiza spana alikwangua uchafu ndani ya kila kichwa kwa ncha ya msumari, kwa sababu alenki isiyozama hadi chini huzungusha kingo za tundu na kuziharibu. Nne zilifunguka kwa taabu lakini zilifunguka. Ya tano ilikuwa imeshaharibiwa zamani na fundi fulani, tundu lake limekuwa duara, na ilikuwa imefungwa kwa ile gundi ya kuzuia bolti zisilegee. Mjomba aliipasha moto taratibu, akiuzungusha mwale ili habu, yaani kitovu cha gurudumu, isiungue, akasubiri, akajaribu, ikagoma. Akaipasha tena. Akachukua tindo na nyundo ndogo, akaichonga kichwa kwa pembeni hadi ikapata kovu la kushikilia tindo, kisha akaanza kuigonga kwa mshazari, kuelekea upande wa kufungukia, kwa mapigo madogo yaliyolingana. Nililishika gurudumu kwa magoti na mikono yote miwili. Jasho lilikuwa likimtiririka hadi kidevuni, na midomo ilikuwa ikimcheza; nadhani alikuwa akimsomea mama yake.

Tukiwa hapo ndipo tuliposikia honi ndefu kutoka barabarani. Ile Hiace ilikuwa imejaa na inaondoka. Nilimtazama Mjomba. Nyundo ilisimama hewani kwa muda, macho yake yakaenda kwenye gurudumu lililolala juu ya gunia, kwenye kalipa iliyoning'inia, kwenye vipande vilivyotapakaa juu ya gazeti. Kisha akaendelea kugonga.

Bolti ilipozunguka ilikuwa imeshaadhiniwa Adhuhuri. Yaliyobaki yalikwenda haraka, ingawa hakuruka hatua hata moja: alisugua kutu kwenye habu kwa brashi ya waya ili diski mpya ikae sawa, akaipangusa diski kwa spiriti kuondoa mafuta ya kiwandani, akafunga bolti kwa kuvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili, akasafisha pistoni kabla ya kuzirudisha ndani, akabadilisha mafuta ya breki na kutoa upepo, akapampu hadi mkono ukawa mgumu. Kilichonitesa zaidi ni kwamba hata baada ya hapo hakuanza kushuka. Alikwenda na kurudi kwenye kipande kisicho na mteremko mkali, akifunga breki kidogokidogo na kuachia, kwa kuwa pedi mpya na diski mpya hazishikani vizuri mpaka zisuguane kwanza. Nilisimama kando ya barabara nikiwa na begi mgongoni, nikimwomba kwa sauti tuondoke.

Tulishuka salama. Breki ilishika kila kona.

Korogwe tuliwakuta watu wakitawanyika kutoka makaburini. Mjomba ndiye mtoto mkubwa wa kiume, na ndiye aliyestahili kuingia kaburini kumpokea mama yake. Aliingia mdogo wake. Mama yangu alimpa mkono, akamwambia pole, na hakuongeza neno.

Alilisema mwaka jana, bila kuulizwa, tukiwa jikoni: "Kaka angeiacha ile pikipiki pale chini akapanda gari." Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa gari lilikuwapo, na lilifika mapema. Lakini asubuhi ile lilikuwa na abiria wanne na hakuna aliyejua lingejaa saa ngapi, na diski ya milimita 2.9 pengine ingetufikisha kabla ya Alasiri, na pengine familia ingechimba makaburi matatu. Nimelipima jambo hili kila upande na halinipi jibu moja. Mjomba mwenyewe nimewahi kumuuliza, tulipokuwa wawili tu gereji, kama anajuta. Alikaa kimya kwa muda, kisha akanieleza habari za ile bolti ya tano: kwamba yeyote aliyeifunga hakusafisha tundu kabla ya kuingiza alenki, na kwamba kusafisha tundu moja hakuchukui hata dakika.