Mama na nyumba ya dola

Jumapili, Bombo, mji wa jeshi, Uganda.

Leo mama kanywa chai yake uani tena. Kaka amemjengea nyumba ya vyumba vitatu, mabati mekundu, vigae hadi jikoni, na tangu iishe mwaka jana hajavuka kizingiti chake. Analala kwenye chumba chake cha zamani, akiamka anatoa kigoda na kuipa ile nyumba mgongo. Majirani wanasema ni uzee. Mimi najua ni siasa.

Ile ni nyumba ya Somalia. Kaka ni askari, amekwenda huko mara mbili na misheni ya Umoja wa Afrika. Safari ya kwanza posho ilikuwa dola 1,028 kwa mwezi, serikali inakata 200, zinabaki 828. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya, uliokuwa ukizilipa, ukapunguza asilimia 20. Hata hivyo zilinisomesha mimi pia, kwa hiyo nikitaka kuilaani hii vita, ada yangu inanikaba koo.

Machi 2007, majeshi yetu yalipotua Mogadishu, mama hakusema kitu. Ni mjane wa askari. Jeshi halisemwi nyumbani kwake. Kisha yakaja mabomu ya Julai 11, 2010, pale Kyadondo na Kabalagala, jijini Kampala, watu zaidi ya 70 wakafa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Al-Shabaab wakasema sababu ni wanajeshi wetu. Kizza Besigye, mpinzani wa Rais, akaahidi kwamba akichaguliwa atawarudisha nyumbani. Sisi tulikuwa tunakula, mama akauliza, "Kwani Msomali alitukosea nini?" Hakuna aliyemjibu. Mpinzani anaweza kupiga kelele bungeni. Mke wa askari huuliza hayo akishafunga mlango, halafu anarudi kuhesabu siku za posho.

Mei 26, 2023, kambi yetu ya Buulo Mareer ikavamiwa. Kaka alikuwa Somalia, kambi gani hatukujua. Siku nane zilipita kabla Rais hajatangaza kuwa wamekufa 54. Mama hasomi vizuri, lakini wiki ile alijifunza maana ya tiki moja na tiki mbili kwenye WhatsApp. Kila baada ya dakika chache: "Hebu tazama." Moja. "Tazama tena." Moja.

Siku ya sita ikaingia simu ya namba ngeni. "Mama, niko." Akakata bila kusema neno, akaenda kumenya matoke. Alimenya mkungu mzima. Tulikuwa watu watatu.

Leo mchana kaka, macho kwenye kikombe, ametuambia ameandikisha jina tena. Misheni yenyewe imeshabadilishwa jina mara mbili. Mama hakugeuka. Mvua ikaanza, nikabeba kigoda, kaka akakimbia kufungua mlango wa ile nyumba, akausimamia wazi.

Mama alisimama chini ya upenu, nje, gauni limelowa hadi magotini, mpaka mvua ikakatika.