Wi-Fi imeshika lakini kurasa hazifunguki: kabla hujapiga Windows upya

Alama ya Wi-Fi iko pale chini kulia, imejaa. WhatsApp inapokea ujumbe. Ukifungua kivinjari, kiduara kinazunguka weee, mwisho unaambiwa tovuti haifikiki. Hapo ndipo fundi mwenye haraka anapoomba flashi apige Windows upya. Hiyo ni kazi ya saa nzima au zaidi kwa tatizo la dakika tano, na kama kasoro iko kwenye ruta, Windows mpya nayo itagoma vilevile.

Anza kwa kujua kamba imekatikia wapi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, bonyeza Enter, kisha andika amri hizi moja baada ya nyingine:

ping 8.8.8.8
ping google.com

Ya kwanza inaita seva ya Google kwa namba yake, ya pili inaita kwa jina. Tofauti ya majibu ndiyo itakayokuonyesha pa kwenda.

Zote mbili zikigoma, andika ipconfig utazame mstari wa IPv4 Address. Ukiona namba inayoanza na 169.254, kompyuta haikupewa anwani na ruta, imejitungia yenyewe. Zima ruta, hesabu nusu dakika, iwashe, kisha toa amri ya ipconfig /release ikifuatiwa na ipconfig /renew. Anwani ikiwa ya kawaida, mfano 192.168.1.15, geukia bando. Ruta ya laini ya 4G itaendelea kurusha Wi-Fi hata bando likiisha, maana Wi-Fi ni ya ruta yenyewe. Jaribu kwa simu kwenye Wi-Fi hiyohiyo, ila zima data ya simu kwanza. Watu husahau hilo, simu inafungua kurasa kwa bando lake, kisha lawama zote zinaangukia kompyuta. Yapo pia mabando ya mitandao ya kijamii pekee: WhatsApp inapita, kurasa nyingine hazipiti. Hapo hakuna cha kutengeneza, ni kununua bando jingine.

Namba ikijibu na jina likagoma, tatizo ni DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. Hii ni kesi ya kawaida sana. Hakikisha hivi:

nslookup google.com
nslookup google.com 1.1.1.1

Ya pili inauliza 1.1.1.1, seva ya DNS ya umma ya Cloudflare. Ya kwanza ikikwama na ya pili ikaleta namba, seva ya DNS uliyopewa na ruta au kampuni ya intaneti ndiyo iliyolala. Bonyeza tena Windows na R, andika ncpa.cpl, bofya kulia kwenye Wi-Fi, chagua Properties, kisha bofya mara mbili Internet Protocol Version 4. Chagua "Use the following DNS server addresses", weka 1.1.1.1 juu na 8.8.8.8 chini, halafu maliza kwa ipconfig /flushdns ili majibu ya zamani yafutwe. Ukifika hapo ukakuta tayari pameandikwa 127.0.0.1, yaani kompyuta yenyewe, na hukuiweka wewe, mara nyingi ni mabaki ya VPN au programu ya kuchuja matangazo iliyoondolewa vibaya, ifute. Kwa laptopu inayozunguka hotelini na viwanja vya ndege, rudisha mpangilio kuwa wa kujipatia wenyewe (Obtain DNS server address automatically), la sivyo ule ukurasa wa kuingiza nywila ya Wi-Fi unaweza usitokee kabisa.

Sasa ile inayosumbua vichwa: ping zote mbili za mwanzo zinajibu, lakini kurasa bado hazifunguki. Mimi ningeanza na proksi, yaani mpatanishi anayepokea maombi ya kivinjari kabla hayajaenda mtandaoni. Virusi wa matangazo hupenda kuelekeza kivinjari kwenye proksi yao ndani ya kompyuta, antivairasi inamfuta kirusi, mpangilio unabaki, na kivinjari kinaendelea kugonga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Fungua Settings, Network & Internet, Proxy, na uzime "Use a proxy server". Firefox ina mpangilio wake wa pekee, kwa hiyo kivinjari kimoja kinaweza kufanya kazi na kingine kikagoma.

Kisha tazama tarehe. Kompyuta ya mezani ambayo hurudi mwaka wa zamani kila umeme ukikatika imechoka betri ya ubao mama, ile ya duara ya CR2032 yenye volti 3. Tarehe ikikosewa, vyeti vya usalama vya tovuti za https vinaonekana havijaanza kutumika au vimekwisha muda, na kivinjari kinakataa. Kurekebisha saa kila asubuhi si dawa. Badili betri.

Kama ukurasa wa Google unafunguka lakini tovuti nzito zinaning'inia nusu, shuku ukubwa wa pakiti, yaani vifurushi vidogo ambavyo data husafiria. Andika:

ping -f -l 1472 1.1.1.1

Hizo 1472 ukijumlisha 28 za vichwa vya pakiti unapata 1500, kipimo cha kawaida (kwa Kiingereza MTU). Ikikataa, punguza kumi kumi mpaka ijibu, jumlisha 28 kwenye namba iliyokubali, hicho ndicho kipimo chako. Tuseme umepata 1420. Fungua cmd kama Administrator uandike:

netsh interface ipv4 set subinterface "Wi-Fi" mtu=1420 store=persistent

Antivairasi yenye ulinzi wa wavuti nayo izime kwa dakika mbili ujaribu. Kama uliwahi kuiondoa nusunusu, huenda imeacha vipande vyake kwenye njia ambayo programu hupitia kwenda mtandaoni. Dawa yake ni netsh winsock reset, tena kama Administrator, halafu uwashe upya kompyuta. Wengi huongeza netsh int ip reset papo hapo. Hiyo inafuta anwani ya IP iliyowekwa kwa mkono, kwa hiyo kwenye kompyuta za ofisini piga kwanza picha ya matokeo ya ipconfig /all kwa simu, ndipo uitumie.